Unakwenda kwa Nani Italia?

Kwetu Heru Juu, wilaya ya Kasulu, likizo ilikuwa jina jingine la jembe. Mtumishi wa serikali akipewa siku zake za mapumziko, alipanda gari hadi kwao, akapokewa kwa ugali wa muhogo na maharage, na kesho yake alfajiri akaamshwa kwenda shamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa hata hizo mbili. Nilikuwa mkunga hospitalini Kibondo, sina mume, sina mtoto, na machoni pa kaka zangu mtu wa namna hiyo hachoki, maana atachoshwa na nini? Kila mwaka likizo yangu iliangukia palizi ya maharage ya masika. Kila mwaka nilirudi wodini viganja vimejaa malengelenge, na wagonjwa ndio walionipa pole.

Kwa hiyo habari ya Italia iliwakuta vibaya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Daktari mmoja wa Kiitaliano, mama mtu mzima niliyefanya naye kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi, alikuwa anahamishiwa nchi nyingine. Kabla hajaondoka alininunulia tiketi ya ndege ya kwenda kwao na kurudi, akanikabidhi na ufunguo wa chumba chake cha Roma. Yeye mwenyewe hangekuwepo. Alitaka nizunguke peke yangu, nilale mpaka nichoke kulala, nitazame vitu. "Umekesha vya kutosha," aliniambia. Nililia mbele yake bila aibu, kwa sababu katika maisha yangu sikuwa nimewahi kupewa kitu kisicho na kazi ndani yake.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu Kasulu aliniazima atlasi. Niliitandaza mezani Kibondo, nikaweka kikombe cha chai mbali isije ikaharibika, nikaanza kupanga. Nitaanzia Napoli, kwenye ule mlima unaofuka moshi. Halafu Roma. Halafu Firenze, kwa sababu daktari alikuwa akiutaja mji huo kama mtu anayetaja chakula. Nitamalizia Venezia, nione kwa macho yangu watu wanaotoka mlangoni na kukanyaga mtumbwi. Treni hazikunitisha. Aliyesafiri daraja la tatu kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, amekalia mzigo wa dagaa, ataogopa treni gani? Mpango ule niliupangua na kuupanga upya jioni nyingi. Venezia ikaja mbele, ikarudi nyuma. Sikuwa nimewahi kuamua mimi wapi patangulie na wapi pafuate, na niliona raha ambayo sitaificha.

Kisha nikaanza kuulizwa.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka mmoja pale Kasulu, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, aliyeniuzia sanduku. Alipangusa vumbi kwenye sanduku, akauliza ninakokwenda, nikamwambia. Akaniuliza, kwa upole kabisa, nakwenda kwa nani. Nikasema si kwa mtu. Aliacha kupangusa. Alinihurumia jinsi anavyohurumiwa mfiwa, akasema ana shemeji yake Tanga aliyewahi kupika melini, huenda bandarini Napoli bado wako wanaomkumbuka, niwatajie jina lake. Huyo sikumkasirikia. Alikuwa ananitafutia mtu kwa moyo safi.

Lakini waliobaki walinichosha. Manesi wenzangu waliniuliza, katekista akaniuliza, jirani ambaye hakuwahi kunisalimu akavuka barabara kuniuliza. Unakwenda kwa nani? Kwetu mtu haendi mahali, anaenda kwa mtu. Anayekwenda mahali bila mtu ama amefukuzwa ama anatafuta mume. Na waliokuwa wakiniuliza ni watu wale wale waliokuwa wamehamishwa nyumba kwa amri ya serikali mwaka uliotangulia, wamepangwa mistari kando ya barabara kama miche ya kahawa, wala hakuna aliyewauliza wao wanakwenda kwa nani. Hilo walilimeza. Safari yangu ndiyo iliwakwama kooni.

Kilele kilikuwa ofisini Kigoma, nilikofuata hati ya kusafiria. Bwana mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni alisoma karatasi zangu, akaniita ndugu kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, akauliza swali lile lile. Nilimjibu. Alitabasamu, akasema mwanamke peke yake, miji minne, haiwezekani pasiwe na neno. Nimlete mume. Sina. Basi baba. Amekufa. Basi kaka, aje mwenyewe kwa miguu yake aseme anaijua safari hii na ameiridhia.

Nilitoka pale kwa hasira. Wanawake wa nusu ya wilaya ya Kibondo walikuwa wamejifungulia mikononi mwangu, mimi na taa ya chemli, hakuna daktari, hakuna kaka, na hakuna mume wao hata mmoja aliyeniuliza usiku ule kama nimeridhiwa na nani. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni nilimgeuza peke yangu. Leo siwezi kupanda treni peke yangu mpaka aletwe mtu ambaye hata kitovu hajawahi kukifunga. Hasira ile ninayo mpaka leo, na sijaona sababu ya kuitupa.

Likizo ilipofika sikuwa na njia nyingine, nikaenda Heru Juu. Kaka yangu mkubwa aliwaita kaka zangu wengine wawili, tukakaa sebuleni kwa mama. Alizungumza vizuri, lazima niseme, maana alikuwa na kipaji hicho. Alisema anafikiria usalama wangu. Alisema mtembezi hula miguu yake. Alisema heshima ya marehemu baba. Kisha akatoa masharti: niende Roma tu, nikawaombee kwa Baba Mtakatifu, nirudi kabla maharage hayajazidiwa na magugu. Hiyo miji mingine ni tamaa. Nilipokataa, akasema kwa sauti ya chini kwamba, ikiwa hivyo, pengine lingekuwa jambo la busara tiketi ile ibadilishwe jina, aende mwanamume, naye akirudi atatusimulia sote.

Ninakumbuka niliangalia mikono yake, jinsi ilivyokuwa laini.

Mama alikuwa kando, anamenya maharage. Tangu nifike, yeye peke yake hakuwa ameniuliza nakwenda kwa nani. Yeye aliuliza mambo mengine. Ule mji wa maji, wanawake wake wanaanika wapi nguo? Ule mlima ukifoka, watu wanakimbilia wapi? Huko, mtu akichoka, anaweza kukaa tu barazani bila kuulizwa? Nilimwambia nadhani anaweza. Akasema, "Basi ukifika, kaa kidogo na kwa ajili yangu."

Kesho yake asubuhi hakuniamsha. Nilipotoka nje jua limeshapanda nilimkuta shambani, ameshika fungu la vijiti. Kaka zangu walikuwa wamesimama kando ya njia ya sokoni, wamekunja mikono, wanamtazama. Mama alikuwa anachomeka vijiti ardhini kimoja kimoja. Alianzia njiani, akapita kichuguu, akashuka mpaka migombani, akageuka, akapanda tena mpaka njiani. Alikwenda polepole kwa sababu ya goti lake. Kaka mkubwa alimuuliza anapima nini.

"Napima anapolima dada yenu," alisema.

Nilikuwa sijawahi kukiona kipande kile hivyo, kimezungushiwa. Ulipokuwa unainama ndani yake hukujua mwisho wake. Sasa kilikuwa wazi mbele yetu, na vipande vilivyobaki nje ya vijiti, vya wanaume watatu na wake zao, vilikuwa vidogo kiasi cha kutia aibu. Nilikuwa najua nalima. Sikuwa najua nalima kiasi kile.

Mama alijinyoosha, akafuta mikono kwenye khanga. "Mwaka huu humu hamna wa kupalilia," alisema. "Nendeni naye Kigoma au msiende, ni shauri lenu. Humu hamna wa kupalilia. Mimi nitakaa hapa njiani, na kila anayekwenda sokoni akiniuliza kipande hiki ni cha nani, nitamjibu."

Kaka mkubwa alitazama vijiti, akatazama njia. Ilikuwa siku ya soko na wanawake wa kwanza walikuwa wanapanda na vikapu vyao. Aliingia ndani, akanawa miguu, akavaa viatu vyake vya kanisani, akauliza gari la Kigoma linapita Kasulu saa ngapi.

Ofisini alisema ameiridhia safari. Bwana wa kalamu mbili alimpa mkono yeye, si mimi.

Nilikwenda. Napoli, Roma, Firenze, Venezia, kwa mpango wangu, na Venezia nilikaa kwenye ngazi za jiwe kando ya maji mchana kutwa, nusu yangu na nusu ya mama, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Niliporudi magugu yalikuwa yamenifika kiunoni, kutoka njiani mpaka migombani, vijiti havionekani tena. Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda chake. Majirani walinisimulia kwamba walikuwa wakimpitia kila siku ya soko na kumuuliza ni shamba la nani lililotupwa hivi, na mwenyewe amekwenda kwa nani. Naye kila mara aliwajibu jibu moja.

"Hakwenda kwa mtu. Binti yangu yuko likizo."