Marehemu Aliyeletwa na Intaneti

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, maduka ya intaneti yalipoanza kuota Mji Mkongwe katika vyumba vilivyokuwa vikiuza vitambaa, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa ukoo wetu. Nilijua kufungua barua pepe, na kwa watu wetu hilo lilitosha kunipa cheo.

Siku moja nikapata ujumbe wa mtu aliyejiita wakili wa Ulaya. Alisema tajiri mmoja mwenye jina la ukoo wetu amekufa kwa ajali ya gari, hana mke wala mtoto, na mali yake inatafuta wenyewe. Jina la kwanza la marehemu hakulitaja. Nilimsimulia shangazi ili tucheke. Hakucheka. Kaka yake mkubwa alipanda meli kwenda Uarabuni angali kijana, hakuandika tena, na shangazi hajaacha kumngoja.

"Inna lillahi," alisema, akajifunika kanga usoni. "Kafa peke yake."

Watu wengine wakipata barua kama ile hukimbilia benki. Sisi tulitandika majamvi. Nilijaribu kueleza kwamba huu ni utapeli, na kwamba barua hiyo hiyo imepelekwa kwa watu chungu nzima. Nikaambiwa nina roho ngumu. Hitima ikasomwa, pilau ikapikwa, na jamaa wa Mpendae, ambao hata sikukuu hatuwaoni, wakaja kulia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa. Sahani hazijaoshwa, wakawa wanabishana nani mrithi na nani si mrithi. Ami yangu, mdogo wake shangazi, alishapanga kujenga hoteli ya ghorofa Kizimkazi, watalii waangalie pomboo wakiwa kitandani.

Wakili akataka ada kwanza. Ami akaitolea macho mikono ya shangazi, yenye bangili za dhahabu za harusi yake. Shangazi hakubisha. Alikuwa na sharti moja tu.

"Mwandikie huyo wakili," aliniambia. "Nnataka kujua nani kamkosha na kazikwa wapi. Hizo pesa mtagawana nyinyi."

Nikaandika. Wakili akajibu habari za ada. Nikaandika tena, kwa ukali. Jibu lilipokuja tulikuwa duka la intaneti sote watatu, shangazi keshaanza kuzivua bangili. Nikawasomea kwa Kiswahili: marehemu aliagwa kanisani kwa maua, akachomwa kwa heshima zote, na majivu yake yamehifadhiwa vizuri.

Ami alifikiri kidogo. "Labda huko makaburi yamejaa," alisema.

Sijapata kuona mtu mzima, mwenye kofia safi kichwani, akimtetea tapeli kwa bidii namna ile. Shangazi alizirudisha bangili mkononi.

"Huyu si kaka yangu," alisema.

Ami akatoka nje amenuna, hoteli yake imebomoka kabla ya msingi. Mimi nilifurahi mno. Nikaanza kumhubiria shangazi usalama wa mtandao: tusimjibu tusiyemjua, tusitoe siri zetu, anayetaka ada kabla ya kukupa chochote ni mwizi. Alinivumilia mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo hajafa?" aliniuliza.

Siku zile nilikuwa na jibu la kila kitu.

"Hajafa, shangazi."

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akalitengeneza buibui lake.

"Basi mwandikie kaka yangu," alisema. "Mwambie nipo nyumba ile ile."