Mpaka Uliotembea

Asubuhi moja nilikuta mimea ya mpaka imehamia hatua nzima ndani ya kiwanja chetu. Kiwanja hicho ndicho pekee tulichoachiwa na marehemu wazazi wetu, mimi na wadogo zangu, ambao kwa ajili yao niliacha shule. Jirani, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa rafiki wa baba, hakuona haya.

"Redio imesema ardhi inatembea, binti yangu. Utaishitaki ardhi?"

Wiki ile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilifagia jengo la Kyambogo, hapa Kampala, ninakofanya usafi, kama mtu anayefukuzwa. Juu ya paa lake kuna antena inayopokea ishara za setilaiti ili kupima mwendo wa ardhi. Nilimngoja fundi wake ngazini, nikamuuliza kama ni kweli inatembea.

"Kweli kabisa, dada. Kama inchi moja kwa mwaka, kuelekea kaskazini mashariki."

Nikamsogelea. "Na mpaka wangu na jirani?"

Akacheka. "Mnakwenda wote, na Kampala nzima pamoja nanyi. Ardhi haimwachi jirani nyuma."

Jioni niliwaita wadogo zangu, tukachukua jembe.

"Afande," nilimwambia mzee, "ardhi inatembea, lakini na wewe umo juu yake. Mimea hii ilihamishwa kwa mkono."

"Kumbe umerudi shule?"

Niling'oa mche wa kwanza. Alitutazama mpaka tukamaliza kuipanda mahali pake pa zamani, kisha akasema tuimwagilie maji isinyauke. Hajaigusa tena, lakini mimi bado huamka kabla ya wote, nikatoka kuitazama.