Nyuzi Zilizotiwa Samli

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mtu wa hesabu hapendi kuchekwa. Ndiyo maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi. Lakini lilinipata mimi mwenyewe, Garissa, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa macho na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Nilitoka Murang'a kwenda kufundisha huko, nikapanga chumba mtaa wa Waberi kwa mama mmoja wa Kisomali, Mama Habiba. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Yuna, muuguzi kutoka Korea aliyejitolea katika zahanati ya jirani. Alikuwa na kayagumu, ala ya muziki ya kwao: ubao mrefu mwepesi wenye nyuzi kumi na mbili za hariri, kila uzi umeinuliwa na kigingi chake kidogo. Ilikuwa ya marehemu bibi yake. Bibi huyo alikuwa na wimbo wake mwenyewe wa kubembelezea watoto, na Yuna aliushika nusu tu. Nusu ya pili ilizikwa na bibi, na hilo lilimuuma kuliko umbali wa kwao.

Akaanza kunifundisha. Mkono wa kulia unadonoa uzi, wa kushoto unaubonyeza nyuma ya kigingi ili sauti itetemeke. Niamini, nilikuwa butu. Nilidonoa kama naua nzi, na mkono wa kushoto niliusahau kabisa. Shule zilipofungwa, Yuna alikwenda Nairobi wiki mbili kushughulikia karatasi zake, akaniachia ala ile niitunze. Nikamwahidi kwamba akirudi nitampigia ile nusu ya wimbo bila kosa.

Sasa sikia. Siku tatu kabla hajarudi, nilitoka sokoni nikakuta nyuzi zinang'aa. Nikadonoa mmoja. Ulitoa mlio mzito, wa kitu kilicholowa.

"Kamba yako ilikuwa kavu sana, abaayo, dada yangu," Mama Habiba akaniambia, ameridhika na kazi yake. "Hii jua itakata yeye. Mimi nimetia samli fizuri, zote."

Ungemwambia nini? Kwao kamba ya ngozi hupakwa samli wakati wa kiangazi isipasuke, naye hakujua kwamba hariri ikilowa mafuta huharibika. Alinisaidia kwa moyo safi. Nilimshukuru, nikaingia chumbani, nikalia.

Watu husema mizuka hutoka usiku. Wangu alikuja kesho yake, saa saba mchana, wakati Garissa yote imelala, maduka yamefungwa na hata mbuzi wamesalimu amri kwa jua. Niliinua macho nikaona bibi kizee mfupi mlangoni, nguo nyeupe kutoka shingoni hadi miguuni. Nilidhani ni mgeni wa Mama Habiba. Nikamsalimu, hakuitika. Nikammiminia chai, yeye akaketi sakafuni na kuipakata ala ile bila kuniomba. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri uso, nikajua hakuwa mtu wa huku.

Kwa nini sikukimbia? Hata leo sijui. Nadhani aibu ilizidi hofu, maana aligusa nyuzi, akanusa vidole, akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama wanafunzi waliochafua daftari.

Kisha akafungua misokoto ya hariri iliyokuwa kwenye mkia wa ala, ambayo mimi niliidhani pambo tu. Akavuta uzi safi, mmoja baada ya mwingine, akasogeza vigingi, akapiga. Nusu ya kwanza niliijua. Ilipoisha hakusimama, aliendelea mbele.

Alinirudisha mwanzo mara nyingi. Nikikosea, alisonya. Mkono wangu wa kushoto aliufunika kwa wake, na katika joto lile mkono wake ulikuwa baridi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika ncha, kwa hiyo alibonyeza kwa cha kati na cha pete, nami nikaiga vilevile. Adhana ya alasiri ilipoanza, niligeuka kidogo kutazama dirishani. Nilipomrudia, hakuwepo. Chai yake haikupungua hata tone.

Mama Habiba alikuwa amejilaza kwenye mkeka penye lango la ua. "Hakuna mtu amebita hapa, wallahi," akasema. "Lakini mimi nimesikia mikono ya watu wawili."

Yuna aliporudi nilimweleza habari ya samli kwanza, nikamwomba radhi. Kisha nikapiga. Nilipoivuka nusu aliyoijua, alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nani amekufundisha kubonyeza kwa vidole hivyo?"

Nikamweleza yote.

"Bibi alikatwa kidole na mashine ya kufuma," akasema. "Kwetu hakuna mwingine anayebonyeza hivyo."

Tulilia, halafu tukacheka, halafu akaniambia nianze tena polepole. Kufikia magharibi alikuwa na wimbo mzima. Siku hizi yuko kwao, na ameniandikia kwamba binti yake halali mpaka apigiwe.

Mimi vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebaki baridi, hata jua la Garissa halivipashi moto. Sijavitafutia dawa, wala sitaki vipone. Nawe ukiachiwa kitu cha marehemu, jihadhari. Akija mtu asiyeitika salamu na kukusahihisha, acha kiburi, mpe mkono. Lakini usigeuke dirishani kama mimi kabla hujasema neno. Alinipa wimbo mzima, na sikumwambia hata asante.