Bati la Plastiki kutoka Mollo

Kilichonitoa kijijini ni barua. Mvua ya mawe ilikuwa imevunja kioo cha paneli yetu ya jua kwa mara ya tatu. Paneli yenyewe ilikuwa sanduku bapa la mbao juu ya paa la zahanati. Ndani mlikuwa na bati lililopakwa rangi nyeusi na bomba la maji, na kioo kilifunika juu ili joto lisitoroke. Mimi ndiye nesi na mkunga wa pale. Kwa maji yale ya moto nilikuwa nimezalisha mwaka mzima bila kumsubiri mtu atafute kuni kavu.

Barua ya ofisi ya Sumbawanga iliyotuletea paneli ilisema kwamba, kwa kuwa kijiji kimeshindwa kutunza kioo, gari lingekuja Jumamosi kuchukua paneli ipelekwe kwingine. Kushindwa! Kana kwamba sisi ndio tuliotuma mvua.

Jumatatu alfajiri nilishika njia ya Matai kwa miguu. Desideri, seremala wetu, alinipa kamba yenye vipimo vya sanduku.

“Nesi, usilete kioo tena,” alisema. “Kizito. Miti ya paa letu imeanza kupinda.”

Nilifika Matai mchana. Rafu za duka la ushirika zilikuwa tupu, sabuni hakuna, chumvi hakuna, lakini muuzaji aliposikia shida yangu alinikatia kipande cha nailoni kilichofunika magunia. Nikakikunja kikapuni, nikapanda lori la mahindi. Tuliingia Sumbawanga jua likizama, nami nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nililala mtaa wa Malangali kwa binamu yangu Apolonia, aliyeolewa na karani kutoka Mbeya. Alinipikia ugali wa ulezi na maharage. Nilipomwonyesha ile barua aliguna.

“Dada, hao hawabishiwi.”

“Basi kesho watabishiwa.”

Jumanne asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Ndugu Amoni, afisa aliyetia sahihi barua ile.

“Mwongozo unasema kioo,” alisema bila kuinua macho. “Kioo hakipo. Kwa hiyo paneli irudi.”

“Ndugu, nikipata kitu kingine cha kufunikia?”

“Nesi, kijiji hakichagui vifaa. Kinaletewa.”

Nilisimama. “Kila mkutano mnatuambia tujitegemee. Mimi nimeanza leo.”

Nikatoka kabla hajaniruhusu. Sikugeuka hadi barabarani.

Jioni mume wa Apolonia akaniambia kuwa huko Mollo kuna ghala la mahindi lililobadilishwa paa. Yale mabati ya plastiki yaliyokuwa yakiingiza mwanga ndani yalikuwa yametupwa nyuma ya ghala.

Jumatano nilikwenda Mollo. Mtunza ghala alikuwa mzee mwembamba, ameketi anashona gunia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?”

Nikamweleza yote. Alinyanyuka akanipeleka nyuma. Palikuwa na mabati ya plastiki yenye nyuzi ndani, meupe kama maji ya mchele, na kando yake kioo cha plastiki ngumu kilichotoka kwenye dirisha la trekta, angavu kabisa. Nikatoa na nailoni yangu.

Sikutaka kuchagua kwa macho. Niliazima mabakuli matatu, nikayapaka masizi, nikatia maji, kila moja nikalifunika kwa kitu chake na kuliacha juani. Mpaka saa saba upepo wa uwanda ulikuwa umeipiga nailoni mpaka imechanika ukingoni. Chini ya plastiki ya trekta maji yalichoma kidole. Chini ya bati yalikuwa ya moto, ila yamezidiwa kidogo.

Kisha nikaokota mawe. Nailoni ilitoboka kwa jiwe la kwanza. Plastiki ya trekta ilistahimili mawili, la tatu likaipasua kama kioo. Bati lilidundisha mawe yote.

“Hili si zuri kwa sura,” alisema mzee.

“Baba, mimi sitafuti pambo.”

Alicheka, akaniandikia hati ya kunipa bati moja, akaweka sahihi.

Alhamisi dereva wa lori alikataa kulipakia. “Upepo utalirusha, Mama.” Nikalikunja kama mkeka mbele yake, nikalifunga kwa kamba ya Desideri, nikalipakata. Akawasha gari. Nililala Matai. Ijumaa nikapanda na kushuka vilima nikiwa nalo kichwani. Lilikuwa jepesi kuliko ndoo ya maji. Jioni Desideri alilipigilia, akaweka ubao katikati lisipige kelele.

Jumamosi mchana Ndugu Amoni alikuja mwenyewe na gari. Akapanda ngazi, akagonga kwa kidole.

“Hiki si kioo.”

“Si kioo. Shuka kidogo.”

Aliposhuka nikarusha jiwe. Liligonga bati, likarudi likaanguka karibu na kiatu chake. Kisha nikafungua bomba. Alikinga mkono, akauondoa haraka.

“Nitaandika kwamba mmekiuka mwongozo,” alisema, akijifuta kwa leso.

“Andika. Na jina langu ulipatie: Skolastika.”

Gari liliondoka tupu. Akina mama waliokuwa wamekaa barazani na watoto wao walipiga vigelegele mpaka lilipopotea kwenye kona.

Sitadanganya: bati lile lilianza kuwa njano baada ya muda, na siku za mawingu maji yalikuwa vuguvugu tu. Tulilikubali na kasoro zake kwa sababu tulizijua, tulizipima wenyewe. Tangu safari ile, kila anayekuja kunipangia kifaa namuuliza kwanza: wewe umekibeba umbali gani?