Kamba ya Kisimani

Jirani yangu hapa nyuma ya soko la Otonglo hachoti maji kabla ya kuweka kiganja kwenye ukingo wa kisima chake. Ukingo ukitetemeka, anajua pampu ya shamba la nyanya upande wa pili wa ua bado inavuta, basi anakaa juu ya mtungi na kungoja. "Wacha nyanya zikunywe kwanza," husema, kwa sauti iliyochoka kiasi cha kushindwa hata kukasirika. Maji yanazidi kushuka, naye anazidi kuunga kamba: ya katani, kisha nailoni ya wavuvi, kisha kipande cha leso kuukuu. Viganja vyake vimeota sugu panapopita mafundo, na kila fundo likipita anaguna kidogo, kama anayemsalimia mtu asiyempenda.

Leo asubuhi pampu ilinyamaza, akateremsha ndoo, ikarudi kavu. Akaenda zizini, akaja na kamba ya ng'ombe, akaiunga na kukaza fundo kwa meno.

"Mama, sasa ng'ombe utamfunga na nini?" nikauliza.

"Huyo? Ataenda wapi?" akajibu bila kugeuka.

Ng'ombe alikuwa amemfuata mwenyewe, na sasa alisimama nyuma yake akiramba ndoo tupu.