Rehemah na Shahidi wa Maksai

Hebu mwone Rehemah akiingia uwanja wa mahakama pale Tororo, asubuhi moja ya mwaka wa sitini na nne. Buibui limekaa upande, mkono wa kulia ana birika la chai, na wa kushoto amemshika mjane wa upande wa Busia kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke.

Si wakili huyo, wala si karani. Ni mke wa Muzafaru, dereva wa lori. Zamani aliitwa kutoa ushahidi, akazimia kabla hajaapa. Tangu hapo, aliyeonewa akiogopa kizimba humpitia yeye kwanza.

Mjane, Amulen, alikuwa amepigwa na kunyang'anywa cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mwizi alikuwa jirani yake, lakini aliapa kwamba hawajuani kabisa. Kesi nzima ikaning'inia hapo: Amulen aonyeshe kwamba anamjua, au cherehani imekwenda.

Siku tatu walifanya mazoezi jikoni kwa Rehemah. Mtungi wa maji ulikuwa hakimu, jogoo akawa mshtakiwa. Amulen alizoea mno, hata siku yenyewe akauinamia mtungi wa pale barazani na kuuita Bwana Hakimu, huku hakimu mwenyewe akipita nyuma yake.

Kizimbani alieleza vizuri sana. Kisha hakimu akamwuliza: kama mnajuana, huyu anaitwa nani?

Amulen akageuka kumtazama Rehemah.

Rehemah akaweka birika chini. Jikoni mama huyu alisema "huyo mwizi" tu, na yeye, Mswahili wa mjini, hakushuku kitu. Kumbe mwizi ni Emong, na baba mkwe wa Amulen, marehemu, naye alikuwa Emong. Mwanamke wa Kiteso halitaji jina la mkwe wake, hakimu atake asitake.

Hakimu akamwonya mara mbili. Emong akaanza kutabasamu. Amulen akavuta pumzi.

"Anaitwa yule anayekokota plau."

Mkalimani akakohoa. "Bwana Hakimu, anasema aliibiwa na maksai."

Watu walicheka mpaka askari akaegemea ukuta. Hakimu akauliza taratibu kama maksai huyo aliibeba cherehani kwa pembe. Sasa, kwa Kiteso emong ndiye huyo huyo maksai, ng'ombe aliyehasiwa, na wakwe zake Emong walikuwa wamekaa benchi la mbele. Emong hakuvumilia.

"Bwana Hakimu, mkanye huyu mama. Tangu nikiwa mtoto ananiita hivyo hivyo, mpaka leo nina watoto tisa."

"Tangu ukiwa mtoto?" hakimu akauliza, akachovya kalamu kwenye wino.

Emong alikwenda kulima shamba la gereza, na cherehani ikarudi kwa mwenyewe. Njiani Amulen alitaka kujua jambo moja tu, kama jina limemponyoka. Rehemah akamwapia kwamba halikumponyoka.

Siku hizi kila shahidi akifika, Rehemah humwuliza majina ya wakwe kabla ya kumimina chai. Ila nami nikuulize wewe: kama Emong angefunga mdomo wake, ungeiacha cherehani, au ungelitaja jina la mkwe?