Ushuhuda Niliomwandikia Kaka Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja. Nina miaka kumi na saba, nasoma Koboko, na nyumbani sisi ni Waislamu.

Kaka yangu alikuwa mlevi wa waragi. Alipovunja duka la jirani, korti ilimpa miezi sita katika nyumba ya kuacha pombe huko Arua, la sivyo jela. Nyumba yenyewe ni ya kanisa. Pombe ameacha kweli, mikono yake haitetemeki tena. Lakini huko kila mtu lazima aende ibadani, na kaka huswali kwa kujificha stoo, nyuma ya magunia ya unga wa posho. Tena ili amalize, ni lazima asome mbele ya kanisa ushuhuda wa jinsi alivyookoka. Bila hivyo mchungaji haandiki barua ya kupeleka kortini kwamba amemaliza.

Nilipokwenda kumtembelea aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, wewe unajua kuandika. Andika tu, mimi nitasoma. Mungu iko anajua roho yangu."

Nikaandika kurasa mbili. Kosa langu ni kwamba niliandika kama insha ya darasani, nikataka iwe nzuri. Nikatia machozi, nikatia nuru, nikasema dini aliyolelewa nayo ilikuwa giza. Mchungaji aliipenda mno, sasa anataka kaka aisome redioni Jumamosi.

Baba ni fundi wa nguo, na redio hiyo haizimwi dukani kwake. Alishasema, "Mtoto akiacha dini, mimi sina huyo mtoto." Kaka akikataa kusoma, ni jela. Akisoma, hana kwao.

Naogopa. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Maana sentensi ile ya giza ni yangu, si ya kaka.

Jana baada ya masomo nilichukua nakala yangu, nikaenda dukani, nikamsomea Baba yote, na sentensi ile pia. Nikamwambia nimeandika mimi. Alisimamisha cherehani. Akauliza kitu kimoja tu, "Pombe, ameacha?" Nikasema ameacha. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa kanzu, akafunga duka mapema.

Leo alfajiri amepanda gari la Arua. Hakuniaga, na simu yake haipatikani.